Seva Isiyoitika Hodi

Sehemu ya Saba

Wapenzi wasomaji, mkonga wa simu ungali unaning'inia palepale tulipouacha wiki jana. Unagonga mguu wa meza, na ndani yake Daktari Bingwa wa hospitali kuu anapiga kelele.

"Haloo! Nyinyi watu wa mtandao! Picha imekatika tena, mnanisikia?"

Kiwembe hakuwa akisikia. Jina la mgonjwa lilikuwa limeshamziba masikio. Mwanamke aliyejifungua kabla ya siku zake kule zahanati ya mlimani, na ambaye sasa damu imegoma kukata, alikuwa Kitinda. Mdogo wake. Ndugu yake wa toka nitoke.

Kwa mliokosa gazeti la wiki jana, au mliofungia nalo sabuni, nawakumbusha upesi upesi maana hapa hakuna muda.

Kiwembe ni mwanamke, fundi wa seva katika kampuni ndogo inayopeleka mtandao kwenye zahanati za milimani. Jina hilo alipewa kazini kwa sababu ya ulimi wake, na hakuwahi kulikataa. Kwa wiki kadhaa namba ngeni zilikuwa zikibisha hodi kwenye seva yake, mchana kutwa, usiku kucha. Hodi za namna hiyo mafundi huziita pingi: kompyuta moja inaiuliza nyingine, "Upo?" na iliyoulizwa inajibu, "Nipo." Basi. Haiibi kitu wala haivunji kitu. Lakini Meneja alipoziona kwenye skrini alitokwa jasho mpaka tai ikalowa.

"Wanatuchungulia hao! Leo wanabisha hodi, kesho wako jikoni! Ziba!"

Kiwembe akaziba. Seva ile ni ya Linux, na kwenye faiwoli yake, ule ukuta wa ulinzi, aliandika kanuni moja fupi: atakayeuliza "Upo?" asijibiwe lolote, pingi yake itupwe kimyakimya. Akaihifadhi, ili hata seva ikizimwa na kuwashwa ikute amri ni ileile. Akabonyeza Enta, akajinyoosha mgongo, akatabasamu kama mtu aliyefunga geti. Haikupita nusu saa, simu ikalia.

Ndipo tulipo. Twendeni.

Kiwembe aliuokota mkonga kwa mikono miwili.

"Daktari, niunganishe na mimi kwenye hayo mazungumzo. Niione laini nikiwa hapa."

"Nikuunganishe kwenye kitu gani wakati hakuna kitu?"

"Itarudi. Niunganishe!"

Na kweli ikarudi. Kwenye skrini ya Kiwembe ikafunguka picha ya chumba chenye taa moja. Tabibu wa zahanati, kijana mwenye glavu zilizojaa damu mpaka kiwikoni, alikuwa ameinama juu ya kitanda. Alikuwa peke yake. Muuguzi wake alikuwa amekwama ng'ambo ya mto, maana daraja lilikuwa limechukuliwa na maji mchana uleule.

Kitinda alionekana upande mmoja tu wa uso. Ulikuwa umepauka, na Kiwembe aliutazama kwa kitambo kabla ya kuamini kwamba ni yeye.

"Endelea kusugua tumbo," Daktari alikuwa akisema. "Kwa nguvu, usimwonee huruma. Sindano umeshampa?"

"Nimempa. Damu inapungua lakini haikati. Na pumzi yake imekuwa fupi. Daktari, mtoto naye hahemi vizuri, midomo imeanza kuwa ya bluu."

"Oksijeni unayo?"

"Mtungi mmoja. Nimpe nani, mama au mtoto?"

"Tulia. Wote wawili watapata. Chukua mpira wa dripu, uukate, halafu..."

Picha ikaganda. Mdomo wa tabibu ukabaki wazi. Kisha skrini ikawa nyeusi.

"Halafu nini?" Kiwembe aliiuliza skrini, kana kwamba skrini ndiyo iliyosomea udaktari.

Alinyanyua macho kwenye ramani kubwa ya ukutani, ambako kila mlima una nukta yake. Mlima wa zahanati ulikuwa mwekundu. Akiwa bado anautazama, mlima mwingine upande wa pili wa ramani nao ukawa mwekundu. Kisha wa tatu. Wa kwanza ukarudi kijani. Wa nne ukazima. Nukta hizo hazikuzimika kwa pamoja kama umeme unapokatika. Zilikuwa zikipokezana, moja inatoka, nyingine inaingia, kama watoto wanaocheza kujificha.

Kiwembe alikagua nyaya, alikagua umeme, alikagua seva yenyewe. Kila kitu kizima. Seva ilikuwa ikifanya kazi vizuri kuliko siku zote. Hilo ndilo lililomtia hofu zaidi, kwa sababu kilichoharibika kinatengenezeka, lakini kizima utakitengeneza nini?

Mlango ukapigwa teke.

Aliyeingia alikuwa shemeji yake, mume wa Kitinda, amelowa chapachapa na betri ya gari begani. Huyu ndiye fundi wa minara, na kazini humwita Ngazi. Asubuhi alikuwa ameteremka mjini kuchukua betri mpya ya mnara, na daraja likavunjika nyuma yake.

Sasa jueni jambo moja. Kiwembe na Ngazi hawasemeshani. Siku ya kikao cha familia, kabla ya ndoa, Kiwembe alisimama mbele ya wajomba na mashangazi akasema mdogo wake hakusoma ili aje kuolewa na mpanda nguzo na kuishi mlimani na mbuzi. Ngazi alimeza maneno yale, akaoa, akahamia mlimani na mkewe. Tangu hapo idara ya minara na idara ya seva ni kama nchi mbili zilizofunga mpaka. Ujumbe ukitoka huku kwenda kule unapitia kwa Meneja, na Meneja nusu yake husahau.

"Antena zangu zina nini?" Ngazi akauliza, akitazama ukuta, si mtu. "Napita mtaani kila mtu ananiuliza mimi."

Kiwembe akagundua kitu. Shemeji hajui.

"Shemeji," alisema. Neno hilo lilikuwa halijamtoka kinywani kwa miaka. "Kitinda amejifungua."

Betri ikashuka sakafuni polepole. Uso wa Ngazi ukafunguka wote, meno yote nje. "Amejifungua? Leo? Si bado mwezi? Ni wa kike au wa kiume?"

Kiwembe hakujua. Katika yote aliyoyasikia, hilo hakuna aliyelisema.

"Shemeji, kaa kwanza."

Anayeambiwa akae kwanza huwa ameshaelewa. Ngazi hakukaa. Kiwembe akamweleza alivyoweza, damu, pumzi, mtungi mmoja, tabibu peke yake, na laini inayokatika kila wanapofika mahali pa maana. Kadiri alivyosema ndivyo meno yalivyorudi ndani, mpaka akabaki mzee.

"Daraja hakuna," alisema. "Hata nikikimbia, hakuna daraja."

"Daktari anaweza kuwaokoa wote. Anachohitaji ni laini isikatike. Laini tu, shemeji, na mimi siioni ilipoharibika!"

Ngazi aligeukia ramani. Alizitazama nukta zinavyopokezana, moja baada ya nyingine, na pole pole mkono wake ukapanda kichwani ukakaa huko.

"Hizo hazikatiki," alisema. "Hizo zinajizima zenyewe."

"Nani kakuambia?"

"Mimi ndiye niliyeziambia zijizime."

Kiwembe akamgeukia.

"Antena ikiganda," Ngazi alisema, "lazima mtu apande akaizime na kuiwasha. Mlima mzima, mvua juu yako, kwa ajili ya kubonyeza kitufe. Nilichoka. Nilipofunga antena mpya nikaziwekea mlinzi ndani yake. Kila mara antena inaiuliza seva kama ipo. Ikijibiwa, inaendelea. Isipojibiwa mara kadhaa mfululizo, inajua imeganda, inajizima na kuwaka upya. Nikasema, sasa nitalala na mke wangu kama watu wengine."

"Inaiuliza seva." Kiwembe alikuwa akinong'ona. "Kwa pingi."

"Kwa pingi."

"Antena hizo mpya, ulizipa namba gani?"

Ngazi akazitaja. Hakufika mbali. Kiwembe alikuwa akizijua kwa moyo, alikuwa amezitazama kwa wiki kadhaa akizitukana. Wavamizi wa Meneja, wale waliotaka kuingia jikoni, walikuwa ni antena za shemeji yake, zikiuliza kila mara kama nyumbani kuna mtu.

Siku ya kwanza alipoziona namba zile, wazo lilimjia la kuwauliza watu wa minara. Lilimjia kabisa, msidhani ni mjinga. Lakini kuwauliza watu wa minara kulikuwa na maana ya kumpigia simu Ngazi, na Kiwembe aliona ni afadhali azibe.

"Mbona hukuniambia?" alifoka, machozi yanamtoka. "Unabadilisha antena zote, unaweka mlinzi, husemi?"

"Na wewe mbona hukuniuliza?"

Ukutani mlima wa zahanati ukarudi kijani. Kiwembe akarukia kiti chake. Kufuta kanuni moja ni kazi ya kupepesa jicho. Aliandika jina lake, akaandika neno la siri.

Seva ikamkataa.

Akaandika tena, polepole, herufi moja moja. Ikamkataa tena.

"Usihangaike," sauti ikasema nyuma yao. Meneja alikuwa amesimama mlangoni, tai imelegea, amejaa fahari ya mtu aliyeokoa jahazi. "Nimelibadilisha. Nimeona milima inazimika, nikajua jamaa wameshaingia. Nikatumia kompyuta ya ofisini kwangu, nikabadilisha neno la siri. Sasa hawawezi!"

"Hakuna wavamizi, Meneja! Ni antena zetu wenyewe! Nipe hilo neno, mdogo wangu anakufa!"

Meneja alizitazama sura zile mbili, akapoteza fahari yake yote kwa mara moja. Akainama kwenye kibodi, akaandika. Ikakataa. Akaandika tena. Ikakataa. Jasho likaanza.

"Niliandika haraka haraka," alisema. "Nilikuwa natetemeka. Nadhani kuna kidole kiliteleza mahali."

Kwenye skrini nyingine picha ya zahanati ilikuwa imerudi. Sauti ya tabibu ikajaza chumba: "Daktari, ulisema nikate mpira, halafu? Mtungi unakwisha, nimeanza kumpa mama kidogo, mtoto kidogo, siwezi kuwashika wote, nina mikono miwili tu!"

"Sikiliza," Daktari akaanza, "mpira uukate vipande..."

Nyeusi.

Ngazi alitoa sauti ambayo sitaieleza.

Kiwembe alifuta uso kwa kiganja. "Kuna njia moja ya kuingia bila neno la siri," alisema. "Niizime seva yenyewe, niiwashe kwa mlango wa nyuma, niweke neno jipya. Lakini wakati nafanya hivyo hakuna laini popote. Hata zile dakika chache za katikati hawatazipata. Tabibu atakuwa peke yake kabisa mpaka nimalize."

"Na usipoizima?"

"Itakatika hivi hivi, anasikia nusu nusu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka waishe."

Meneja alifungua kinywa aseme habari za utaratibu na ruhusa. Ngazi akamtazama, Meneja akakifunga.

"Unaniuliza mimi?" Ngazi akamwambia Kiwembe. "Leo ndiyo unaniuliza?"

"Ndiyo, shemeji. Nakuuliza. Ni mkeo na mwanao."

Ngazi alisimama huku maji yanamdondoka kwenye suruali. "Zima," alisema.

Kiwembe akakishika kitufe cha seva mpaka ikazima. Feni zikapungua, zikanyamaza. Ukutani milima yote ikawa myekundu kwa pamoja.

Nani kati yenu amewahi kusubiri kompyuta iwake huku mtu wake anakufa? Maandishi meupe yanashuka kwenye skrini nyeusi, mstari juu ya mstari, na mashine haina habari na dhiki yako. Kiwembe aliingia kwa mlango wa nyuma. Vidole vilimkosea njia, akafuta, akaanza upya. Aliweka neno jipya. Akaiwasha tena seva, sasa kwa njia yake ya kawaida, na maandishi yakaanza kushuka upya. Meneja alikuwa ameketi sakafuni kando ya betri, tai mkononi. Ngazi hakukaa. Alikuwa akisema kitu kwa sauti ya chini, na Kiwembe alipotega sikio akasikia kwamba anahesabu majina. Majina ya watoto. Walikuwa hawajachagua.

Seva ikauliza jina. Kiwembe akaingia. Akaita kanuni zote za faiwoli, akaiona yake, ndogo, imekaa mahali pake kama alivyoiandika. Akaifuta. Akahifadhi.

Pingi ya kwanza ikaingia, na seva ikajibu. Ya pili ikajibiwa. Ukutani mlima mmoja ukawa kijani, ukakaa. Mwingine ukakaa. Yote ikawa inarudi na kutulia, isipokuwa mmoja, wa zahanati.

"Antena ile ina kawaida ya kuchelewa kuamka," Ngazi alisema. "Betri yake ndiyo hii hapa chini. Ile ya zamani imechoka, na kuzima na kuwasha kote huku kunainyonya."

Kisha kijani.

Picha ikafunguka, safi kuliko mara zote. Tabibu alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, glavu amezivua.

"Tabibu!" Daktari alipaza sauti. "Tumerudi, laini imepona. Nisikilize, utagawa ule mpira wa..."

"Hakuna tena cha kugawa, Daktari." Hakunyanyua macho. "Mshale wa mtungi uko chini kabisa. Oksijeni iliyobaki haitoshi wawili. Niliita, nikaita, nikaona kimya. Nimechagua."

Ngazi aliishika skrini kwa mikono miwili. "Umemchagua nani? Tabibu, umemchagua nani?"

Tabibu akasogea pembeni.

Kitinda alikuwa na barakoa ya oksijeni usoni. Kifua chake kilikuwa kikipanda na kushuka. Damu ilikuwa imekata. Rangi ilikuwa imeanza kumrudi midomoni, na macho yake, jamani, yalikuwa wazi.

Kiwembe akasogea karibu na skrini. Kwa mpigo mmoja wa moyo alifurahi, na mpigo uliofuata akaona kimeza kidogo cha pembeni, na taulo iliyokunjwa juu yake, na tabibu aliyerudi kukiinamia kimeza hicho akiwa amewapa mgongo, anabonyeza kifuko cha mpira cha kupulizia hewa kwa vidole viwili. Alikuwa akimpulizia mtoto hewa ya kawaida, hewa ya chumbani tu.

"Ni wa kike," tabibu alisema bila kugeuka. "Bado anajaribu. Lakini bila oksijeni, Daktari, unajua mwenyewe."

Daktari alijua.

"Bado nini?" Sauti ilitoka ndani ya barakoa, nyembamba, lakini ni ya Kitinda. "Nani anajaribu? Wewe tabibu umeniambia mwanangu amelala."

"Mama, usiongee. Tunza pumzi."

Kitinda akageuza kichwa kuelekea kwenye kamera. Akamwona mumewe. "Baba yake, mwambie anionyeshe mtoto. Mbona analia hivi, kama paka? Ana nini?"

Ngazi alijaribu. Akageuza uso ukutani.

"Dada." Sasa alikuwa akimtazama Kiwembe. "Wewe una ulimi mbaya, lakini hujawahi kunidanganya. Hata siku ile ya kikao ulisema mbele yangu. Mwanangu ana nini?"

"Mwambie amelala!" Daktari alinong'ona kwenye mkonga wa simu, Kitinda asisikie. "Ninakuomba, mwambie amelala. Akiivua ile barakoa nampoteza, na mtoto sina hakika naye. Mwambie!"

"Mwambie," Meneja naye alisema kutoka sakafuni, analia.

Kiwembe alimjua mdogo wake. Walilala kitanda kimoja, walikula sahani moja, na kila mara kipande cha mwisho Kitinda ndiye aliyekisukuma upande wa pili. Akiambiwa kweli, atafanya nini, hilo halikuhitaji kufikiriwa. Akidanganywa, ataishi, na kila siku atakayoishi atajua ni dada yake aliyemnyamazia.

"Dada, nijibu."

Kiwembe akavuta maikrofoni karibu.

"Anakosa hewa, mdogo wangu," alisema. "Mtungi ni mmoja, na umepewa wewe."

Daktari akapiga ukelele. Tabibu alikuwa angali ameinamia kimeza. Na Kitinda, bila kulia, bila kuuliza jingine, akanyanyua mkono wenye dripu, akaupeleka usoni, kwenye barakoa.